Kinga ya kontrelamontre hapa Lushi: freni ya kable, ya nusu mafuta ama ya mafuta mpaka mwisho?

Tangu mashindano ya dunia ya kinga, yaani baiskeli, yapite Kigali Septemba 2025 na watu wakaona Mbelgiji Remco Evenepoel anamfikia Mslovenia Tadej Pogačar barabarani na kumpita, vijana wengi wa Lubumbashi (Lushi) wanatafuta kinga ya kontrelamontre, ile ya mbio ambazo kila mtu anakimbia peke yake dhidi ya saa. Wengine wanapata okazyo (kinga iliyotumika) ya Ulaya, wengine wananunua kadre (fremu) tupu na kuijenga pole pole, na wakifika kwenye freni wanakwama. Wananiuliza: Yaya (mkubwa wangu), niweke kable ama mafuta? Nusu mafuta nayo, iko sawa?

Mi naona wengi wanauliza tu ipi inasimamisha vizuri. Zote tatu zinasimamisha kama zimefungwa vizuri. Kwenye hii aina ya kinga vitu viwili njo vinaamua: njia ambayo kable ama tuyo (kabomba ka mafuta) inapita ndani ya gido (usukani) na kadre, na nani ataishika ikiharibika hapa kwetu. Soma kila aina ukiwa na hayo mawili kichwani.

Kwanza tuelewane kinga yenyewe. Kontrelamontre iko na gido ya chini, iliyolala kama pembe za ng'ombe, na mikono ya freni inaingia kwenye ncha zake. Juu yake kuna mapembe mawili ya mbele, pale unalaza viwiko. Ukiwa umelala pale hauko na freni mkononi. Lazima uinue mwili, urudishe mikono kwenye gido, njo ukamate freni. Sasa piga hesabu, ukienda kilomita 45 kwa saa unakula mita 12 na nusu kila sekunde, kwa hiyo kabla ya plakete (vile vipande vinavyobana gurudumu ama disiki) kugusa chochote umeshakula mita nyingi. Juu ya hiyo, freni inatakiwa ijibu palepale unaigusa, haitakiwi uivute mara mbili.

Nitaangalia kila aina kwa mambo yaleyale: nguvu na namna mkono unasikia, kazi ya kuifunga, kuitunza, piesi na fundi hapa Lushi, na ikikufia njiani. Bei nitagusa kidogo tu, juu ya okazyo bei haina kanuni.

Na kabla ya yote angalia kadre. Kama kadre na fourche (uma wa mbele) ni za freni ya jante, ile inayobana ukingo wa gurudumu, disiki haiingii, usikubali mtu akwambie atachomea. Kama kadre ni ya disiki basi jante imetoka kwenye hesabu. Watu wengi wanabishana juu ya kitu ambacho kadre ilishaamua zamani.

KABLE MPAKA MWISHO

Hapa naweka pamoja freni ya jante na ile ya disiki inayovutwa na kable tupu.

Nguvu na mkono. Kwenye jante ya aluminiamu na barabara kavu iko vizuri kabisa, watu wameshinda mbio kubwa nayo miaka na miaka, disiki yenyewe iliruhusiwa rasmi kwenye mbio za barabara Julai 2018 tu. Shida inaanza na kona za ndani. Kable inatoka kwenye mkono, inakunja ndani ya gido, inakunja tena kuingia kwenye potansi (shingo inayoshika gido), inashuka kwenye kadre, na kila kona inakula nguvu ya kidole chako. Freni ya nyuma njo inateseka zaidi, unakamata kwa nguvu yote na gurudumu linapunguza kidogo tu. Na kama uko na jante ya kaboni, mvua ya Januari ikinyesha, mizunguko ya kwanza plakete inafuta maji tu, freni inakuja kisha.

Kufunga. Hii fundi yeyote mwenye akili anaiweza. Gene (ganda ambamo kable inapita) ya freni ni ile ya milimita 5, na kable yake ni milimita 1.5 ama 1.6. Kata gene sawasawa, piga lime (tupa) ncha yake, halafu fungua tundu la ndani kwa kitu chenye ncha, juu ukikata, plastiki ya ndani inajibana na kable inaanza kukwaruza siku ya kwanza. Usiweke gene ya vitesi (gia) kwenye freni hata kama inafanana, ile haikutengenezwa kwa kukandamizwa hivyo na inaweza kupasuka siku unakamata kwa nguvu. Kwa disiki ya kable tafuta ile gene ngumu isiyofupika ikikandamizwa, iliyotengenezwa kwa freni, tofauti utaisikia palepale. Na kable ya zamani usiichomoe ndani ya kadre kabla hujafunga uzi kwenye mkia wake ama kupitisha kabomba kembamba juu yake, bila hivyo utakaa jioni nzima unavua tundu kwa sumaku.

Kutunza. Vumbi jekundu la hapa likichanganyika na maji linakuwa matope laini yanayoingia kila mahali, kwenye gene na kwenye plakete. Kwenye jante ya aluminiamu yanasaga chuma kabisa, kwa hiyo uwe unaangalia alama ya kuchakaa kwenye ukuta wa jante, kale katundu ama kale kamstari, kakipotea jante imekwisha. Mi nabadilisha kable na gene kila mvua zikikatika, mwezi wa nne ama wa tano, bila kusubiri zilie. Plakete za disiki ya kable hazijisogezi zenyewe zikichakaa, lazima uzunguushe visi (skrubu) wewe mwenyewe.

Piesi. Hapa kable haina mpinzani. Lakini angalia kichwa cha kable! Mikono mingi ya mbio inataka kichwa kidogo chenye umbo la peasi, na kable nyingi unazokuta kwa wauza piesi za kinga za kawaida ziko na kichwa cha pipa. Usipige lime kichwa mpaka kiingie. Kinaweza kuchomoka kwenye mkono siku unakihitaji.

Ikikufia njiani. Kable inaonya kabla, nyuzi zinaanza kukatika moja moja karibu na kichwa, kwa hiyo ukifungua mkono na kuangalia mara kwa mara utaiona mapema. Na ikikatika kweli, hata Kipushi utapata mtu wa kukusaidia.

Inamfaa mwenye kadre ya jante, mwenye kubadilisha pozisyo (namna ya kukaa kwenye kinga) mara nyingi, anayesafirisha kinga kwa basi, na yule hapendi kumtegemea mtu.

NUSU MAFUTA: KABLE MPAKA ETRIE, MAFUTA NDANI YA ETRIE

Etrie ni kile kipande kinachokamata disiki. Hapa mkono unabaki wa kable, lakini kable ikifika kwenye etrie inasukuma kapompe kadogo na mafuta njo yanasukuma pistoni za pande zote mbili. Zinazojulikana zaidi ni TRP HY/RD na zile za Juin Tech.

Nguvu na mkono. Etrie yenyewe iko na nguvu na inakamata sawasawa pande zote, lakini zile kona za kable ndani ya gido bado ziko pale. Hili watu wanalisahau. Ukiweka etrie nzuri na ukaacha gene ya zamani yenye kutu, hautaona faida uliyolipia. Ukiweka gene mpya ngumu, inakaribia mafuta kamili, kwa mbele hasa, juu njia ya mbele ni fupi.

Kufunga. Ni kama kable, na kitu kimoja cha kuchunga sana kwenye HY/RD. Ukishafunga kable usizunguushe ile visi ya kukaza ili kuondoa ulegevu. Kable ikivuta kapompe hata kidogo wakati haushike freni, njia ya mafuta kati ya tanki na pistoni inafungwa, na etrie inashindwa kujisogeza plakete zikichakaa. Mkono unaanza kushuka pole pole, mtu anazidi kukaza, na inazidi kuharibika. Kaka mmoja wa hapa Bel-Air alikuwa tayari kutupa etrie zake zote mbili, tulilegeza kable, tukakamata mkono mara kadhaa, zikarudi zenyewe. Jambo lingine, hizi etrie ni nene. Kadre nyingi za kontrelamontre zimebana sana nyuma kwa sababu ya upepo, kwa hiyo pima nafasi kabla ya kununua, na hakikisha aina ya kufungia ni ile ile ya kadre yako.

Kutunza. Kable unaitunza kama ile ya juu, mafuta yanaguswa mara chache, yako kidogo na yamefungiwa mahali pamoja.

Piesi. Kable utapata, etrie hautapata, inaagizwa. Nunua plakete za ziada siku ileile unaagiza.

Ikikufia njiani. Mara nyingi kitakachokufa ni kable, na hiyo inatengenezeka.

Inamfaa mwenye kadre ya disiki na mikono ya kable tayari, hasa kama vitesi vyake ni vya kable kwenye ncha za mapembe na hataki kununua mfumo wote upya.

MAFUTA MPAKA MWISHO

Nguvu na mkono. Hapa kona za gido hazina shida tena, mafuta yanapeleka nguvu ileile hata tuyo ikizunguka namna gani. Kidole kimoja kinatosha. Kwenye kontrelamontre hii ina maana kubwa kuliko kwenye kinga ya kawaida, juu mkono wako uko kwenye ncha ya gido, mabega yamechoka, na mkono wa freni wenyewe ni mfupi. Barabara ya Kasumbalesa yenye malori ya shaba, lori likikata mbele yako, tofauti unaisikia. Lakini jifunze kwanza mahali hakuna watu, freni ya mbele ya mafuta kwenye lami yenye mvua inaweza kufunga gurudumu haraka kuliko ulivyozoea.

Kufunga. Hapa njo kazi iko, nitakaa kidogo.

Kwenye mikono mingi ya hii aina, tuyo inaungana na mkono nyuma yake, yaani upande ambao utaingia ndani ya gido. Maana yake haufungi mkono kwanza halafu tuyo. Unapitisha tuyo yote ndani ya kadre na gido, unaitoa kwenye ncha, unaunga na mkono ukiwa nje, halafu unasukuma vyote ndani. Kwa hiyo tuyo inahitaji sentimita chache za ziada ndani, na ukiikata fupi sana umekwisha. Kabla ya kukata, zunguusha gido kushoto na kulia mpaka mwisho, na kama unafikiri siku moja utapandisha gido, acha urefu wa hiyo pia.

Kata kwa kisu kikali cha tuyo, sawasawa kabisa. Kwenye ncha kuna vipande viwili vidogo, kile cha kuingia ndani ya tuyo na ile pete ndogo inayobanwa na nati. Kila ukikata tena unaweka vipya, pete ikishabanwa haibanwi mara ya pili. Shimano wanataka ile nati ikazwe kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 mpaka 6, na visi za etrie kwenye kadre Nm 6 mpaka 8. Ule mkono wenyewe unabanwa ndani ya gido na kitu kinachopanuka, na gido ni kaboni. Tumia kle (spana) ya kupima nguvu, fuata namba ya kiwanda, ukizidisha gido inapasuka kutokea ndani na hautaona kitu nje.

Kutoa hewa sasa. Ondoa gurudumu, ondoa plakete, weka kile kipande cha plastiki katikati ya pistoni. Sukuma mafuta kwa sirinji kutoka chini kwenye etrie kwenda juu. Hewa inapanda siku zote, kwa hiyo tundu la kwenye mkono lazima liwe mahali pa juu kuliko pote, na kwenye kontrelamontre gido imelala, lazima uinue mbele ya kinga mpaka tundu liwe kilele. Wengi wanaruka hapa. Wanafanya kinga ikiwa imesimama kawaida, hewa inabaki kwenye kona ya gido, na kesho yake mkono unakuwa laini kama ndizi. Gongagonga tuyo na kadre kwa mpini wa bisibisi, vuta mkono pole pole, uache, rudia mpaka mapovu yakatike.

Halafu jambo la mafuta yenyewe. Shimano na Magura wanatumia mafuta ya madini. SRAM kwenye freni zao za barabara wanatumia DOT, mafuta ya freni kama ya gari. Haviendi pamoja kabisa. Raba za ndani za mfumo mmoja zinaharibika ukitia mafuta ya mwingine, zinavimba, pistoni zinakwama, na kuosha hakusaidii.

DOT 4 unaipata kwenye kila duka la piesi za gari na pikipiki hapa Lushi. Mafuta ya madini ya kinga ni ya kuagiza, njo watu wanaanza kutia ya gearbox, ya sterini, hata ya mtoto. Usifanye hivyo. Agiza chupa ya lita moja pamoja na freni, itakaa miaka, freni moja inakula kidogo sana. Upande wa DOT nako kuna mtego: inanyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mpya inachemka kuanzia digrii 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa hiyo nunua chupa ndogo iliyofungwa, ile nusu chupa ya garaji iliyokaa wazi tangu mvua za mwaka jana uiache palepale. Na usichukue DOT 5 ukifikiri ni ndugu ya 5.1, ile ni silikoni, kitu kingine kabisa. DOT ikidondoka kwenye rangi ya kadre osha na maji mengi palepale, inakula rangi.

Kutunza. Plakete zinajisogeza zenyewe, siku nyingi haufanyi kitu. DOT badilisha kila mwaka, ya madini ukisikia mkono umekuwa laini ama mafuta yamekuwa meusi. Disiki ya Shimano ikifika unene wa milimita 1.5 inatoka. Futa disiki kwa alkoli safi ya famasi, na ukipulizia cheni mafuta funika disiki kwanza, plakete ikinywa mafuta haiponi. Gurudumu likitoka, weka kipande cha plastiki ama karatasi ngumu kati ya plakete, mtu akikamata mkono bila disiki pistoni zinakutana na itabidi uzirudishe taratibu. Na usipande kinga iliyokuwa imepinduliwa juu chini bila kukamata mkono mara kadhaa kwanza.

Piesi. Mikono yenyewe haikai hapa. Ya Shimano ST-R9180 inataka Di2, yaani vitesi vya umeme, ukiwa na vitesi vya kable haikufai. SRAM S-900 Aero HRD ni mkono wa freni peke yake, kwa hiyo hiyo inakubali zaidi. Kwa kadre za jante kuna Magura RT8 TT, mafuta yanayokamata jante, utaikuta kwenye baadhi ya okazyo za zamani, ni freni nzuri lakini piesi zake utazitafuta sana. Kuhusu fundi, muulize swali moja tu: unainua mbele ya kinga wakati wa kutoa hewa? Jibu lake litakutosha.

Ikikufia njiani. Tuyo ikikatika ile freni imekufa yote, na barabarani hakuna cha kufanya, unarudi nyumbani pole pole na ile nyingine. Haitokei mara nyingi. Lakini kusafirisha ni taabu kweli, gido haitoki kwenye kinga bila kufungua tuyo, na ukifungua tuyo unatoa hewa upya.

Inamfaa mwenye pozisyo iliyokwisha kupimwa, mwenye kadre ya disiki, anayekimbia hata wakati wa mvua, na ambaye yeye ama mtu wa karibu anajua kutoa hewa.

KAMA UKO KATIKA HALI HII

Umepata okazyo ya Uingereza. Angalia kwanza freni ya mbele iko mkono gani. Kule mara nyingi iko kulia, sisi tumezoea kushoto kama Wabelgiji. Kama ni kable, kubadilisha ni kazi ya mchana mmoja. Kama ni mafuta, ni kufungua tuyo zote mbili na kutoa hewa upya, iweke kwenye bei unapozungumza na muuzaji.

Bado unatafuta pozisyo, leo unapandisha gido, mwezi ujao unashusha. Kaa kwenye kable mpaka mwili utulie, hata kama kadre ni ya disiki.

Kadre ya disiki, vitesi vya kable, pesa si nyingi. Nusu mafuta, na usibane matumizi kwenye gene. Kama pesa ni ya upande mmoja tu, anza na mbele.

Unakimbia kiangazi tu, kati ya Mei na Oktoba, barabara ya Likasi asubuhi mapema. Jante ya aluminiamu na kable nzuri inakutosha, pesa iliyobaki weka kwenye tairi nzuri.

Unakimbia mwaka mzima katikati ya malori. Mafuta mpaka mwisho, kama fundi yupo.

Umeshaamua mafuta lakini unasita kati ya madini na DOT. Kama kuna mtu wa kukuletea vitu kutoka nje kila mara, ya madini ni tulivu zaidi na haiharibu rangi. Kama unategemea maduka ya hapa peke yake, chukua DOT, andika tarehe ya kuitia kwenye kipande cha plasta chini ya kadre, na mwaka ukifika ibadilishe hata kama mkono bado uko mgumu.